Kwa Hakimu, Magomeni Mapipa: darasa la sheria linaloanza na Kiswahili

Ukishuka mwendokasi Magomeni Mapipa usihangaike kutafuta kibao, hakuna. Uliza steshenari ya kwa Hakimu. Bodaboda yeyote wa pale atakunyooshea kidole. Mbele ni duka kama maduka mengine ya aina hiyo: mashine mbili za kutoa kopi, madaftari, bahasha za kaki, picha za pasipoti, na mama mwenye duka ambaye ukifika mara ya pili anakuita kwa jina. Ukipita kwenye korido nyembamba iliyojaa maboksi ya karatasi unatokea uani, kwenye banda la mabati lenye mabenchi sita, feni moja na ubao mweusi. Hapo, Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, mzee mmoja aliyestaafu uhakimu wa Mahakama ya Mwanzo anawafundisha wanafunzi wa sheria masomo yao ya chuo kwa Kiswahili.

Nimesoma pale miezi saba kwa pesa yangu, na ninawaandikia hasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao bumu, yaani mkopo wa chuo, likitoka hawajui walipeleke wapi. Kipindi kimoja ni shilingi 2,000. Ukilipa mwezi mzima ni 25,000, na mama anakubali ulipe mara mbili. Kopi ni shilingi 100 kwa ukurasa. Hakuna fomu wala ada ya kujiandikisha. Unaingia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, unakaa, unafungua daftari.

Ili mwelewe kwa nini nalithamini banda lile, niseme nilikotoka. Kabla ya chuo nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Singida kwa miaka 11. Nilifungua majalada, nikapokea ada, nikaita mashauri, nikanakili hukumu. Kazi yote ilikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama za mwanzo kisheria, na huko ndiko sehemu kubwa ya mashauri ya nchi hii yanakoanzia. Mirathi, talaka, wizi wa mifugo, ugoni, madai ya magunia ya alizeti, vyote vimepita mikononi mwangu. Lakini shauri likikatiwa rufaa na kupanda, lilikuwa likirudi na lugha nyingine. Siku moja alikuja mama aliyetoka kwake alfajiri kwa miguu kufuata nakala ya hukumu ya rufaa yake dhidi ya mumewe. Kurasa 9 za Kiingereza. Akazigeuza moja moja, akanirudishia, akaniuliza, "Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?" Nilikaa na kamusi zaidi ya nusu saa kabla ya kumjibu. Ndiyo siku niliyoamua kwamba nitasoma sheria mpaka shahada.

Nilipofika chuoni, sheria ileile niliyoishi nayo sikuitambua. Jaribio la kwanza la somo la mikataba lilikuwa na swali kuhusu "consideration". Neno "consider" nalijua tangu sekondari: kufikiria, kutafakari. Basi nikaandika kurasa mbili kwamba mkataba haumfungi mtu mpaka pande zote mbili ziwe zimetafakari kwa makini. Nilipata 11 kati ya 30, na hizo 11 zilitoka kwenye maswali mengine; hilo nilipata sifuri. Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Mtu aliyekaa miaka 11 akisikiliza wafugaji na wakulima wakidaiana anajua kabisa kwamba ahadi ya bure haidaiki mahakamani, na inayodaika ni ile ambayo kila upande umetoa kitu. Nililijua hilo kabla sijakanyaga chuo. Nilichoshindwa kujua ni kwamba ndilo lililoulizwa.

Wiki chache baadaye, kwenye semina ya sheria ya jinai, tulikuwa tunajadili mtu anayechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ni yake. Nimeshuhudia shauri la namna hiyo, la ng'ombe wawili wenye baka linalofanana. Nikanyoosha mkono, nikaanza kwa Kiingereza, nikakwama katikati, nikaendelea kwa Kiswahili. Nikaambiwa niseme kwa Kiingereza au nikae. Nikakaa. Kipindi kilipokwisha mwalimu alinifuata koridoni, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri nilitaka kusema nini. Nikamweleza habari ya ng'ombe. Akasema, "Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta darasa zima." Simlaumu yeye, kanuni hakuitunga. Ila nimekuja kugundua kwamba wengi wetu tunafundishwa hivyo: darasani Kiingereza, koridoni Kiswahili, na kuelewa kunatokea koridoni. Korido haiwezi kubeba wanafunzi 300. Inawabeba wawili watatu wenye ujasiri wa kumsubiri mwalimu mlangoni, na wengine wanarudi hosteli wakiwa na daftari lililojaa maneno waliyonakili kutoka ubaoni.

Kabla ya kufika Mapipa nilijaribu njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kundi la simu linalouza madesa, yaani muhtasari wa masomo wa kukariri, kwa shilingi 10,000 kwa muhula. Desa ni fupi, limepangwa vizuri, unalikariri, na mtihani ukigeuza swali kidogo tu huna pa kushika. Ya pili ni kozi ya Kiingereza ya miezi mitatu, shilingi 150,000, mahali nisipopataja. Walimu walikuwa wapole na wenye bidii, lakini tulifundishwa kuagiza chakula hotelini na kujitambulisha kwenye usaili. Mimi nilikuwa nataka kusoma hukumu. Fedha ile bado inaniuma, kwa kuwa ilikuwa akiba ya mirija ya bomba la nyumbani.

Kwa Hakimu nilipelekwa na binti wa Kyela ninayekaa naye chumba kimoja. Jioni ya kwanza somo lilikuwa, kwa bahati, lilelile lililonitia aibu. Mzee hakugusa kitabu. Alimtazama kijana wa benchi la mbele.

"Mjomba wako amefurahi umefaulu kidato cha sita. Anasema, nitakununulia baiskeli. Asiponunua, utamshitaki?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Sijampa kitu."

"Sasa anasema, nivunie mpunga wangu, nitakupa baiskeli. Umevuna ukamaliza, baiskeli huioni."

"Hapo namdai."

"Kimebadilika nini?"

Banda likanyamaza, kisha yule binti wa Kyela, ambaye mpunga anaujua, akajibu, "Jasho langu." Mzee akaandika ubaoni: CHAKO KWA CHANGU. Chini yake akaandika lile neno la Kiingereza nililolipatia sifuri. Nilihisi machozi yananilenga, na siyo ya aibu. Ndipo akasema maneno ambayo sasa sote tunayangojea kila kipindi, maana yake tuvuke kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kama kivuko cha Dar kinavyovusha watu kutoka Magogoni kwenda Kigamboni: "Haya, tupande pantoni." Akagawa kopi za Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa Kiingereza, na kila mmoja akatakiwa kutafuta ni wapi sheria inasema habari ya baiskeli. Mstari baada ya mstari. Ukiupata unausoma kwa sauti, unaueleza kwa Kiswahili, kisha unaandika aya moja kwa Kiingereza chako mwenyewe, bila kunakili. Mzee anakusanya, anasahihisha usiku, kesho yake unarudishiwa na wino mwekundu.

Ndiyo huduma yenyewe. Kisa kwanza, kwa lugha unayoota nayo. Kisha kanuni, ambayo unaitamka wewe, hakutamkii yeye. Kisha pantoni. Na kama mtu hajaelewa upande wa Magogoni, mzee hamruhusu kupanda kwenda Kigamboni. Mnarudi kwenye kisa, hata kama wengine wanaguna.

Kipindi kilichonikaa moyoni kuliko vyote ni cha Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kila mwanafunzi wa sheria wa Tanzania anaijua hukumu hiyo ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, angalau jina lake na kanuni yake. Mimi niliikariri hivyo: kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mzee alitumia jioni mbili nzima. Jioni ya kwanza alitusimulia kama vile wahusika ni majirani wa Mapipa: mwanamke ameachika, anadai fungu la mali, anaulizwa umechangia nini, hana risiti ya mfuko wa simenti hata mmoja. Alichonacho ni miaka ya kupika, kufua na kulea. Tukagawanyika makundi mawili, tukabishana mpaka taa za duka zikazimwa. Wavulana wawili waliokuja wakiamini kwamba mke wa nyumbani hachangii walikuwa wanapiga hesabu ubaoni, dada wa kazi analipwa kiasi gani kwa mwezi, zidisha kwa miaka kadhaa. Nimekaa katika semina nyingi chuoni na sijawahi kuona watu wakifikiri kwa nguvu namna ile.

Jioni ya pili tukasoma hukumu yenyewe, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ikawa nyepesi, kwa sababu hoja zote tulikuwa tumekwisha kuzitoa sisi wenyewe, tukawa tunazitambua tu kila zilipojitokeza. Tukaona pia jambo ambalo desa langu halikuwa nalo: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kuanzishia biashara alizitumia vibaya. Kanuni ikawafaa waliomfuata. Halafu mzee akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Shauri hili lilianzia mahakama ya mwanzo, hapahapa Dar es Salaam, kwa Kiswahili. Likaishia kwenye hukumu ya Kiingereza. Wanawake wote ambao haki yao imeandikwa mle ndani, wangapi wanaweza kuisoma?

Ijumaa hakuna somo la mtaala. Ni mjadala, na bei ni ileile. Wapo wanaoona hapo hakuna thamani ya pesa. Mimi sikosi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kitivo cha kwanza kabisa cha chuo kikuu nchini kilikuwa cha sheria, kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi tu kutoka tulipokaa. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na lugha ikaja na chuo. Hapo pia nilisikia habari ya Tume ya Makweta, iliyoundwa kuangalia elimu ya nchi. Mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari Januari 1985 na kufika vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ikalikataa pendekezo hilo mwaka uliofuata. Nimezaliwa 1991. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu kwa vidole: kama mpango ule ungefuatwa, chuo kingekuwa kimekwisha kuhamia kwenye lugha yangu wakati mimi najifunza kutembea.

Kuna watu wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya chuo. Tangu mwaka 1970, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanzishwa, watu wamefundishwa isimu na fasihi kwa Kiswahili, wameandika tasnifu kwa Kiswahili na kuzitetea kwa Kiswahili. Isimu si somo jepesi kuliko mikataba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, nayo ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Nakumbuka niliisikia redioni nikiwa ofisini, nikapandisha sauti ili hakimu wangu naye asikie.

Na kwa sisi wa sheria jambo hili lina uzito wa pekee. Februari 1, 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika uamuzi wake kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likarekebisha sheria: lugha ya sheria za nchi iwe Kiswahili, lugha ya mahakama na mabaraza iwe Kiswahili, na Kiingereza kibaki kwa hali maalumu, ambazo mwaka 2022 ziliwekewa kanuni zake. Tafsiri za sheria zimekuwa zikitoka. Mahakama imehama, au walau imeanza kufunga mizigo. Chuo kinachomwandaa mtu kwa ajili ya mahakama hiyo kinaendelea kumfundisha, kumtahini na kumfelisha kwa lugha nyingine. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopita wenye shahada kabla ya kuwa mawakili, yalipoonyesha kwamba kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, nchi nzima ilishtuka, na Kiingereza kilitajwa miongoni mwa sababu. Dawa waliyopendekeza wengi ilikuwa Kiingereza zaidi. Hakuna aliyeniuliza mimi karani, lakini ningewaambia waje Mapipa jioni moja.

Sisemi Kiingereza kiondoke, na mzee naye hasemi hivyo. Ndiyo maana kuna pantoni. Hukumu za zaidi ya miaka 60, ambazo wakili lazima azitegemee, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha inaendeshwa kwa Kiingereza. Atakayekuwa wakili bila kukisoma vizuri atawaumiza wateja wake. Ninachodai ni mpangilio: kuelewa kutangulie, na mtu awe na haki ya kuuliza swali darasani kwa lugha anayoweza kuuliza nayo. Ijumaa moja tulisoma uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa Oktoba 2019, kuhusu Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Katiba yao inampa mtu haki ya kusoma katika taasisi ya umma kwa lugha rasmi aliyoichagua, pale inapowezekana kwa kiasi kinachokubalika. Waliotaka Kiafrikana kibaki sawa na Kiingereza walishindwa, miongoni mwa sababu ikiwa gharama na wanafunzi Weusi wasiokijua. Tulibishana vikali. Mimi nilisimama upande wa mahakama, kwa sababu lugha ile ilikuwa inawafungia wengine mlango. Kijana mmoja akanijibu kwamba huku kwetu ni kinyume chake kabisa: kila aliyemo darasani anakijua Kiswahili, mlango unafungwa na kile kingine. Sikuwa na jibu. Nimemwazima hoja hiyo na ninaitumia popote.

Sasa kasoro, maana zipo, na nyingine ni kubwa.

Mzee ni mmoja. Jinai, mikataba, ndoa, mirathi, ardhi na ushahidi anavijua kama kiganja chake. Ukimpelekea sheria ya makampuni au ya kodi atakuambia wazi kwamba hapo hana msaada, na anamaanisha. Nilipenda ukweli wake, lakini wa mwaka wa tatu wasitarajie mengi. Akiugua, darasa halipo. Mwezi wa nne aliugua wiki mbili, na waliokuwa wamelipa mwezi mzima hawakurudishiwa. Walifidiwa kwa vipindi vya Jumamosi, ambavyo wengi hatukuweza kuhudhuria.

Msamiati ni tatizo la pili. Anauza daftari lake la maneno, kurasa 64, kwa shilingi 7,500 pamoja na kubana. Ni hazina. Lakini maneno mengine ni yake mwenyewe, kama hilo la chako kwa changu, na mengine hayafanani na yaliyomo kwenye tafsiri rasmi za sheria, wala yeye haonyeshi lipi ni lipi. Mwanafunzi anaweza kulichukua neno la bandani akalipeleka mahakamani akidhani ni la sheria. Nimemwomba aweke alama kwenye yale aliyoyabuni, akasema atafanya hivyo kwenye toleo lijalo. Ninamkumbusha kila wiki. Kazi hii lakini si ya mzee mmoja na kalamu. Ingefaa kila chuo kinachofundisha sheria kiwe na daftari kama lile, lililopatanishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (TATAKI), na kila mwanafunzi alipewe siku ya kwanza.

Wino mwekundu nao unasahihisha hoja zaidi ya lugha. Kiingereza changu cha kuandika kimepanda, lakini polepole kuliko nilivyotaka. Pangekuwa na mwalimu wa Kiingereza, hata mara moja kwa wiki, pantoni ingefika kasi zaidi. Mabenchi yanatosha watu 24. Wiki mbili kabla ya mitihani wanakuja 40 na zaidi, feni haifui dafu, na mvua ikipiga mabati somo linasimama. Kipindi kinaisha saa mbili na nusu usiku, na kichochoro cha kutokea barabarani hakina taa. Sisi wasichana tunatoka kwa pamoja, na mama mwenye duka hutusindikiza na tochi ya simu. Taa moja ya shilingi elfu chache ingemaliza jambo hilo. Nimelisema, sasa naliandika.

Matokeo yangu: jaribio la pili la mikataba nilipata 22 kati ya 30. Sina sapu, yaani mtihani wa kurudia. Wenzangu wawili wa benchi letu wana sapu moja moja, kwa hiyo banda si muujiza, na anayekuja wiki ya mwisho akitafuta majibu ya kukariri atapoteza pesa yake. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza anayehisi kwamba akili yake imebaki nyumbani, ningesema auze hata simu ya pili aende. Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja ni ya taa, daftari na Jumamosi. Somo la ushahidi linaanza upya Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Fika saa kumi na moja, kaa karibu na mlango wa duka penye hewa.

Mzee ana desturi moja ambayo sijaitaja. Kila mwanafunzi, kabla ya kumaliza, analeta hukumu yake mwenyewe, yoyote iliyomgusa, na darasa linaivusha pantoni kwa njia ya kurudi, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Nilimwomba karani aliyechukua nafasi yangu Singida anitumie nakala ya ile hukumu ya kurasa 9. Tuliisoma Alhamisi iliyopita. Mahakama ya rufaa ilifuta mwenendo wote kwa sababu hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa ilikuwa na kasoro, na mwishoni iliandika kwamba yeyote kati ya wahusika yuko "at liberty" kufungua shauri upya akipata hati sahihi. Yule mama hakuwa ameshindwa. Alitakiwa arudi barazani, apate hati, aanze tena. Mimi, na kamusi yangu, niliona "liberty", nikaona uhuru, nikamwambia yule mama kwamba mumewe ameachiwa huru na shauri limekwisha. Alinishukuru, akafunga zile karatasi kwenye kitenge, akaondoka kwa miguu.

Imepita miaka minne. Nimempa karani jina la kijiji chake na nauli ya bodaboda, amtafute.